Anayegonga Kwanza

Jumamosi hiyo soko la Gatuanyaga lilikuwa limefurika mpaka mguuni mwa daraja. Punda walikuwa wamefungwa kwenye vichaka vya miiba, wanawake wamepanga pojo na nyanya juu ya magunia, na vumbi jekundu limesimama hewani kama moshi. Kalondu alipenya katikati yao akiwa na gauni la njano lenye kola nyeupe, alilojishonea mwenyewe, na furushi la sweta za shule kichwani. Alikuwa na haraka ya kufika kwao ng'ambo. Akainua mguu akanyage ubao wa kwanza.

"Wewe dada wa njano! Simama hapo hapo!"

Sauti ilitoka juu. Mwanamume mmoja alikuwa ananing'inia kwenye waya za daraja, mshipi wa ngozi kiunoni, nyundo ndogo mkononi, ovaroli imejaa grisi mpaka magotini.

"Unaniita mimi ama unaita jua?" akauliza Kalondu.

"Naita mtu anayetaka kupita bila kugonga."

Wanawake wa nyanya wakacheka. Kalondu akaona haya, kwa maana sheria aliijua. Daraja lilikuwa jembamba, mtu na punda wake hawangeweza kupishana na mwingine. Kwa hiyo kila upande, kwenye nguzo kuu, palifungwa kipande cha chuma kwa mnyororo. Unagonga nguzo mara tatu, unapita. Ukisikia ng'ambo wamegonga kabla yako, unangoja mpaka aliyegonga akanyage udongo wa upande wako. Hakuna aliyeivunja sheria hiyo, hata walevi.

Fundi akashuka. Akagonga waya moja kwa nyundo, akaweka sikio.

"Unasikiza nini huko? Taarifa ya habari?"

"Waya iliyokazwa vizuri ina sauti yake. Ikilegea inaongea kama mtu mwenye mafua."

"Na hii inasema nini?"

"Inasema uniambie jina lako."

"Hiyo waya haina adabu," alisema Kalondu. Lakini alimwambia. Yeye akajitambulisha kuwa Kagwe, wa Ruiru, aliyeajiriwa kuja kila mwezi kukagua waya.

Kalondu alipogonga na kuanza kuvuka, alijua bila kugeuka kwamba Kagwe anamtazama. Hakujali. Kilichomsumbua kwenye daraja hilo ni maji. Waya zilishuka kutoka vichwa vya nguzo mbili, zimetawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, zikabeba mbao juu ya mto Athi. Kabla ya daraja, watu wa kwao walizunguka kwa barabara nusu siku nzima ili wafike Thika kufanya kazi, au walivuka kwa mipira ya magurudumu ya lori. Kyalo, kaka yake, alivuka kwa mpira asubuhi moja mwaka wa tisini na nne akienda kazini. Mpira ulipatikana. Yeye hakupatikana mpaka leo. Tangu siku hiyo mama yao hakuwahi kuukaribia mto, wala kulitaja jina la Kyalo.

Kalondu alishona nguo katika duka la Idah, pale Kamenu, mjini Thika. Dukani palikuwa na simu, na kabla ya mwezi kwisha Idah alikuwa amechoka kuipokea.

"Kalondu! Yule mtu wako wa nyundo!"

"Hallo?"

"Mrembo, umekula?"

"Kagwe, umesimama foleni ya simu Ruiru nzima uniulize kama nimekula?"

"Kuna mzee hapa nyuma yangu ananiangalia vibaya. Sema haraka kama unanipenda."

"Mpe mzee simu, nitamwambia yeye."

"Ngai! Huyu msichana ataniua." Akacheka, kisha sauti yake ikatulia. "Jumapili ya mwisho wa mwezi nataka kuja kwenu. Nione mama."

"Mama ameshasema. Mtu anayenitaka avuke kwa miguu yake mwenyewe, aje ale kwake. Usipofika, hatakuuliza sababu. Na mimi sitakuuliza. Itakuwa imeisha."

"Mimi ndiye ninayekaza hilo daraja, mpenzi. Nitakosaje kulivuka?"

Mvua ya El Nino ilikuwa imeanza. Jumapili hiyo mto ulikuwa umepanda, rangi ya chai ya maziwa, na ukungu mzito umelala juu yake. Saa nne asubuhi Kalondu alishuka mpaka nguzo ya upande wa kwao. Viatu vyeupe amevishika mkononi. Ng'ambo hakuonekana mtu, wala nguzo, wala mti. Daraja liliingia katika ule weupe, likaishia hapo.

Kisha akasikia. Ko. Ko. Ko.

Akarudi nyuma hatua mbili, akavaa viatu, akajifuta matone usoni. Akangoja.

Hakuna aliyetokea. Mbao hazikutikisika.

"Kagwe!" aliita. Ukungu ukaimeza sauti.

Baada ya muda: ko, ko, ko. Polepole, kwa heshima, kama mtu anayejua kwamba ndani kuna mgonjwa.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama pale na punda wake alisema bila kumtazama, "Tangu wiki jana daraja linagonga hivyo. Sisi tunarudi tu nyumbani. Wanaogonga si wa kupita."

Kalondu alikaa mpaka saa tisa. Angeweza kuvuka akaangalie, lakini mtu aliyegonga hapitiwi mbele. Aliporudi nyumbani, mama yake alifunika sufuria ya kuku, akaiweka kando.

"Hakuja," alisema mama.

Usiku huo Kalondu alizunguka kwa barabara kurudi kazini. Jumatatu simu ililia kabla Idah hajafungua dirisha.

"Kalondu, ulinifanyia nini jana?" Sauti ya Kagwe ilikuwa imekauka.

"Mimi? Nimelowa mto mzima nikikungoja!"

"Mimi nilisimama kwenye nguzo ya Gatuanyaga tangu saa nne! Unagonga, nangoja uje. Huji. Unagonga tena. Nikasema labda anaogopa, labda ananitania..."

"Kagwe, usinichezee. Wewe ndiye uligonga."

"Sijagusa kile chuma. Nitagongaje na wewe umegonga kwanza?"

"Na mimi sijakigusa."

Simu ikabaki na mvumo wa waya tu. Idah alikuwa ameacha kukata kitambaa.

"Kalondu," alisema Kagwe polepole, "kesho naenda kupanda juu. Mwambie mtu yeyote wa kwenu asivuke."

Hakusema kwaheri. Kalondu hakujua kama ameachwa au amependwa zaidi. Aliomba ruhusa, akazunguka kwa barabara nusu siku, akafika nyumbani jioni. Mama hakuwepo jikoni.

Alimkuta mtoni. Yule mama asiyekaribia maji alikuwa amekaa chini ya nguzo, amejitanda leso, kichwa amekiegemeza kwenye chuma.

"Mwaitu, unafanya nini hapa?"

"Nyamaza. Anabisha."

Ko. Ko. Ko.

"Miaka mitatu," alisema mama. "Angalau sasa anabisha."

Asubuhi ya Jumanne Kagwe aliruka foleni ndefu ya watu wa Gatuanyaga waliokwama. Ng'ambo ya pili, watu wa kwao Kalondu wanaofanya kazi Thika walikuwa wameanza kujaza mipira ya magurudumu upepo. Alipanda waya moja moja, akigonga na kusikiza, mpaka akalivuka daraja kwa juu na kushuka upande wa kwao Kalondu. Ovaroli ilimganda mwilini. Walitazamana. Hakumgusa, kwa sababu mama alikuwa bado pale, ameegemea chuma.

"Nimeipata," alimwambia kwa sauti ya chini. "Waya moja upande wa Gatuanyaga imelegea, maji yakitikisa msingi inapiga nguzo. Punda wawili tu wangepita Jumapili, mbao zingegeuka. Hata mimi. Hata wewe."

"Basi ni waya."

Kagwe alipangusa uso. "Mimi nilikuwa chini ya nguzo hiyo hiyo, Kalondu. Ningeisikia juu ya kichwa changu. Niliisikia ikitoka huku kwenu. Na waya iliyolegea inagonga ovyo. Haigongi mara tatu ikangoja."

Alisimama pale na spana yake kubwa, akamtazama mama, kisha akamtazama Kalondu. "Nikikaza, itanyamaza. Sitakaza kama hamtaki. Nitaenda kuwaambia walioniajiri walifunge daraja."

Kalondu alitazama mipira ile myeusi ukingoni. Kijana mmoja alikuwa tayari amevua viatu. Kalondu akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mwaitu, umemsikia?"

"Nimemsikia." Mama hakufumbua macho. "Wewe fundi. Ukikaza, hatabisha tena?"

"Hatabisha, mama."

"Na wale hawataingia majini?"

"Hawataingia."

Mto ulipita na matawi, na gunia, na kitu kisichojulikana. Mwishowe mama alikitoa kichwa chake kwenye chuma.

"Kaza."

Kagwe alirudi alikotoka. Kila alipozungusha spana, mlio ukapungua, ukawa mwembamba, ukawa kama ukucha kwenye bilauri. Kisha hakukuwa na kitu ila maji. Kalondu alilia bila sauti. Mama hakulia. Alinyoosha leso yake, akasema, "Nataka kuvuka."

Kagwe alikuja akawapokea, akatangulia mbele yao. Mama akafuata. Kalondu alikuwa nyuma, hatua nne, mikono yote miwili kwenye kamba za pembeni. Katikati ya daraja mama alipunguza mwendo.

"Uniachie mkono, Kalondu. Natembea mwenyewe."

Kalondu alitazama mikono yake, ilivyokaza kamba hadi vidole vikawa vyeupe.

"Sawa, mwaitu," alisema.

Mama alisimama kidogo, kama mtu anayeagana na mgeni mlangoni. "Kyalo," alisema kwa sauti, mara moja tu. Kisha akamgeukia Kagwe.

"Na wewe unaitwa nani?"

"Kagwe, mama. Mtoto wa Macharia wa Ruiru. Nimekuja kuomba Kalondu."

"Hapa katikati ya mto?"

"Nilichelewa siku mbili. Naogopa kuchelewa ya tatu."

Mama alimkagua kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vilivyojaa matope. Nyuma yake Kalondu alikuwa ameachama mdomo.

"Kwetu hatujibu mtu aliyesimama," alisema mama. "Tufike huko mbele, nikaone Thika wanayoisema, halafu urudi nasi nyumbani ukae kwenye kiti. Na wewe Kalondu, funga mdomo, unaingiza mbu."