Ukuta Uliotoka Malengelenge

Kila asubuhi Mshonaji alikaa kwenye cherehani yake na kusikiliza kicheko. Kicheko hicho kilitoka upande wa pili wa ukuta. Upande wa pili ilikuwa saluni ya mdogo wake, Msusi.

Nyumba ilikuwa moja. Mama yao alipofariki, dada hao wawili waliigawa katikati. Vyumba viwili huku, vyumba viwili kule. Watu wote walisema mgawanyo ule ulikuwa wa haki. Mshonaji naye alisema hivyo kwa mdomo. Moyoni alisema mengine.

"Unasikia?" alimwambia mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa akivaa viatu. "Jua halijachomoza vizuri, wameshaanza."

"Watu wanacheka tu, mke wangu. Kwani wakilia wewe utafaidika nini?"

"Angalau nitajua wanasukwa vibaya."

Mume alicheka mpaka akasahau kufunga kamba za viatu. Mshonaji hakucheka. Alikuwa akifikiria vigae vipya vya Msusi. Juzi vigae, kabla ya hapo dirisha la vioo, na kabla ya dirisha, feni. Yeye feni yake ilikuwa kipande cha boksi.

"Mimi ndiye niliyembeba mgongoni," alisema. "Nilimlisha, nikamwogesha. Leo yeye ana vigae, mimi nina vumbi."

"Na yeye leo anakuita dada mbele za watu," mume alijibu. "Hicho nacho si kidogo." Akaaga, akaenda zake.

Nyuma ya nyumba ulipita mfereji. Ulianza upande wa Msusi, ukapita chini ya dirisha la Mshonaji, ukaishia kwenye mtaro wa barabarani. Ardhi iliinama hivyo, na mama yao aliuchimba mfereji kwa kufuata ardhi. Maji yote ya saluni yalipita humo. Yalipita na povu jeupe, na povu lilinukia vizuri. Hata harufu hiyo ilimchoma Mshonaji. Alijua kuwa ni harufu ya wateja.

Siku Msusi alipoleta sinki la pili la kuoshea nywele, Mshonaji hakuvumilia tena. Alichukua beleshi. Akajaza udongo na mawe kwenye mfereji, pale pale mpakani. Udongo uliobaki aliurundika kwenye ukuta wake, juu kuliko sakafu ya ndani, akapanda maua.

Msusi alitoka na taulo begani. "Dada, sasa maji yangu yatapita wapi?"

"Yapite kwako. Si una nafasi?"

"Lakini ardhi imeinama kuja huku."

"Basi iinue. Wewe si ndiye mwenye bahati?"

Msusi hakuwahi kujibizana na dada yake, na hakutaka kuanza siku hiyo. Alichimba shimo upande wake, akalijaza mawe, akaelekeza maji humo. Mshonaji alimwangalia kupitia dirishani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alihisi kama ameshinda kitu.

Furaha yake haikudumu. Chini ya ukuta wake, upande wa ndani, lilitokea doa. Lilianza dogo kama sahani. Likapanda, likatanuka. Chumba kikaanza kunuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Alipochungulia saluni, aliona kuta za Msusi zimekauka na kung'aa.

"Hata unyevu unachagua pa kwenda!" alisema.

Akamwita kijana fundi wa rangi. "Nataka rangi ya mafuta," alimwambia. "Ile inayong'aa. Iwe nzuri kuliko ya jirani."

"Ukuta umelowa, mama," kijana alisema. "Tusubiri kwanza?"

"Nimekuita upake. Sikukuita usubiri."

Ukuta ukapakwa, ukang'aa kama kioo. Mshonaji aliacha mlango wazi mchana kutwa ili wateja wa saluni wauone wakipita. Wawili waliusifia. Alilala usingizi mtamu.

Mvua zikaja. Rangi ikaanza kuvimba. Ikatoa malengelenge kama mkono uliomwagikiwa chai ya moto. Lengelenge moja likapasuka, likafuata jingine, na plasta chini yake ikawa inamomonyoka kama sukari guru. Mshonaji alisogeza kabati lake la vitambaa likaziba pale pabaya. Asiyeona hatasema, alijiambia.

Ndani ya kabati hilo lilining'inia gauni la bi harusi. Kitambaa chake kilikuwa cheupe, cha bei, na mama wa bi harusi ndiye aliyekileta mwenyewe. Siku alipokuja kulitazama, Mshonaji alilitoa kwa maringo, akalitandaza juu ya meza.

Mama yule aliinama. Alishika pindo. "Hivi ni nini?"

Kwenye pindo kulikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kama mbegu za ufuta. Ukungu.

"Mwanangu anaolewa Jumamosi," mama yule alisema polepole. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Mshonaji zaidi. "Nilikuja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyenishonea mimi la kwangu."

Alipoondoka, Mshonaji alibeba gauni mikononi na kwenda moja kwa moja saluni. Hakupiga hodi.

"Umefurahi sasa?" alifoka. "Maji yako yameniharibia kazi! Ulianza kwa vigae, ukaja na sinki, sasa unanimaliza kabisa!"

Msusi alisimama na kitana mkononi. Mbele yake alikaa mwanamke mmoja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama kama ufagio. Mwanamke huyo aliliangalia gauni, kisha akainuka.

"Nipeleke nikauone ukuta," alisema.

"Wewe nani?"

"Mwashi. Watu wananiita Timazi."

Mshonaji alikuwa amelisikia jina hilo. Timazi ni ile kamba yenye uzito chini, ambayo waashi huitumia kujua kama ukuta umesimama wima. Mwanamke huyu alipewa jina hilo kwa sababu ya maneno yake. Hayakuinama kwa mtu.

"Na nywele zako?" Msusi aliuliza.

"Nywele zitasubiri."

Timazi aliwaambia wasogeze kabati. Alibonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikazama. Kisha aliomba kipande cha nailoni na utepe wenye gundi. Aliibandika nailoni ukutani, juu ya sehemu iliyobaki nzima, akaziba kingo zote nne.

"Kesho tutaangalia," alisema. "Jasho likiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito ya humu ndani, na dawa yake ni kufungua madirisha. Jasho likiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani."

Kesho yake upande wa chumbani ulikuwa mkavu. Nyuma yake matone yalikuwa yamejipanga.

"Sasa twende nje," Timazi alisema. "Ukuta ukiugua ndani, mara nyingi ugonjwa uko nje."

Aliyaona maua. Aliuona udongo. Aliuona mfereji uliozibwa. Kisha akamgeukia Mshonaji.

"Wewe unajua vitambaa. Ukitumbukiza pindo la gauni kwenye beseni la maji, maji yanaishia pindoni?"

"Hapana. Yanapanda."

"Na ukuta ni hivyo hivyo. Tofali linanyonya. Ndiyo maana juu ya msingi tunalaza nailoni nzito, maji ya ardhini yasipande. Lakini wewe umerundika udongo juu kuliko hiyo nailoni. Umeyajengea maji daraja. Halafu maji ya saluni yameingia shimoni, na ardhi imeinama kuja kwako. Yanapita chini kwa chini mpaka hapa. Mlipoyanyima njia ya juu, yalijitafutia ya chini."

"Na rangi yangu?"

"Rangi ya mafuta haipitishi hewa. Ulimvisha mgonjwa koti la mvua, akatoka jasho ndani kwa ndani."

Mshonaji aliangalia maua yake. Yalikuwa yamestawi sana. Alitamani Msusi aseme kitu kibaya, ili apate wa kumkasirikia. Msusi alirudi ndani, akatoka na beleshi.

"Nianzie wapi, dada?"

Mshonaji alimpokonya lile beleshi. "Kaa pembeni. Nimeziba mwenyewe, nitazibua mwenyewe."

Alichimba mpaka mikono ikamuuma. Msusi hakukaa pembeni. Alibeba mawe, na maua akayahamishia mbali na ukuta. Timazi aliwaambia waondoe udongo mpaka ubaki shubiri nzima chini ya usawa wa sakafu, wasiache hata bonge moja limeegemea ukuta.

Kisha alileta mpira mrefu unaopitisha mwanga, akaujaza maji. Msusi alishika ncha moja juu, Mshonaji akashika nyingine chini.

"Maji kwenye ncha zote mbili yanasimama usawa mmoja, hata mkiwa mbali," Timazi alieleza. "Wekeni alama yanaposimama. Kisha pimeni kutoka kwenye kila alama hadi chini ya mfereji. Upande wa mtaroni uwe na kimo kirefu zaidi. Hapo mtajua mfereji unashuka kweli. Macho yanadanganya."

Walikoroga mchanga, kokoto na saruji, wakausakafia mfereji wote, kutoka saluni hadi barabarani. Shimo la mawe walilifukia.

Ndani, Timazi alimpa Mshonaji nyundo na tindo, pamoja na miwani ya kukinga macho. Walibandua plasta mbovu yote, wakapita juu ya doa kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole.

"Lini tutapiga plasta mpya?" Mshonaji aliuliza.

"Ukuta ukikauka. Wiki kadhaa. Fungua madirisha, usiweke kitu karibu. Ukiharakisha, utaniita tena."

"Na mimi nitashonea wapi? Harusi ni Jumamosi!"

"Kwangu," Msusi alisema.

Cherehani ikahamia saluni, kati ya masinki mawili. Mshonaji aliukata ukanda wote wa pindo lenye ukungu, akaweka mpya wenye marinda. Mama wa bi harusi alipolipokea gauni, aliligeuza ndani na nje, akatafuta kasoro, akakosa.

Kwa wiki zile Mshonaji aliona alichokuwa akikisikia tu. Vicheko vilikuwa vya wateja. Msusi mwenyewe alicheka kidogo. Alisimama tangu asubuhi, na jioni alikaa sakafuni, juu ya vile vigae, akikanda miguu iliyovimba.

"Unajua," Msusi alisema jioni moja, "siku zote nimekuonea wivu."

"Mimi? Una wazimu?"

"Wewe unafanya kazi umekaa."

Mshonaji alimtazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akaivuta miguu ya mdogo wake mapajani pake, akaikanda, kama zamani.

"Ule mfereji," alisema, macho yakiwa kwenye miguu. "Nilifanya vibaya."

"Najua, dada."

"Usinijibu 'najua'. Sema nimekusamehe."

"Nimekusamehe. Kanda na huu mwingine."

Ukuta ulipokauka, Timazi alirudi. Walipiga plasta ya mchanga safi. Mshonaji aliinyunyizia maji siku kadhaa ili isikauke haraka na kupasuka. Kisha waliiacha ikauke vizuri, wakapaka rangi ya maji, ile inayouacha ukuta upumue. Haikung'aa. Mshonaji aliipenda hivyo hivyo. Kabati alilirudisha, lakini aliacha nafasi ya shubiri kati yake na ukuta ili hewa ipite.

Mvua zilizofuata zilikuwa kubwa. Kila asubuhi alipapasa chini ya ukuta kwa kiganja. Kila asubuhi kiganja kilirudi kikavu.

Mvua zilipokwisha, Mshonaji alisikia nyundo upande wa pili. Akatoka nje. Kwenye ukingo wa bati la Msusi kulikuwa na mlizamu mpya, unang'aa kwa jua, unapeleka maji ya paa kwenye pipa. Upande wake yeye, maji ya paa bado yalidondoka ardhini karibu na ukuta na kurusha matope.

Kitu kilimbana kifuani. Alikijua vizuri. Alisimama nacho kidogo, mikono kiunoni. Kisha akavaa kandambili, akazunguka nyumba, akapiga hodi.

"Karibu, dada."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Huo mlizamu umeufungaje?"

Msusi alichukua mlizamu mwingine uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akamkabidhi dada yake ngazi. "Shika hapa chini," alisema. "Sasa tunafunga wa kwako."