Faili Moja Zaidi

Subira haivuti heri. Subira huvuta risasi.

Colette Ilunga alilijua hilo. Mwezi Desemba alisubiri mara mbili, na mara mbili boti za wapelelezi wake ziliingia Ziwa Mweru zisifike ng'ambo. Ufukweni yaliokotwa makasia tu.

Sasa ilikuwa Januari 1999, saa saba mchana, Nchelenge, mji wa ufukweni. Safari hii aliyekuwa majini alikuwa Michée, mdogo wake wa tumbo moja.

Angefika kisiwa cha Chisenga, upande wa kaskazini, saa tisa. Chini ya fulana alificha mikanda miwili ya picha: bunduki za Ghislain, mlanguzi wa silaha, zikifunikwa kwa magunia ya samaki wakavu, na sura za wanunuzi.

Msimu wa kuvua ulikuwa umefungwa. Ziwa lilikuwa tupu. Mtumbwi mmoja ungeonekana kama nzi kwenye uji.

Ghislain alisikiliza redio zote za ziwani. Njia pekee ya kuita boti ya doria ilikuwa kompyuta ya ofisi ya misaada, ambako Colette alijifanya fundi. Ujumbe uende Lusaka kwa simu, Lusaka iamuru doria.

Lakini kila ujumbe wa ofisi ulipita kwenye proksi, programu ya kati inayopokea maneno ya kila mtu na kuyapeleka nje. Na mtu alikuwa ameitia sumu.

Amri ya mkuu wake ilikuja asubuhi, ndani ya salamu za msiba: *Usile ugali wa kupikiwa. Twanga mwenyewe.*

Maana yake: usiweke programu iliyo tayari. Ijenge upya kutoka msimbo wake wa asili, ule ulio wazi, ambao yeyote anaweza kuusoma mstari kwa mstari.

Aliuleta msimbo kwenye diskete moja. Kompyuta ya Compaq, mfumo wa Linux ndani, modemu ya simu ya US Robotics kando. Bastola ya Makarov kiunoni, chini ya kitenge.

Aliandika *make*, amri ya kujenga. Mashine ikaanza kujenga, faili moja baada ya jingine.

Kisha ikakwama. Kosa, kwenye faili moja tu lililobaki, dns.c.

Alisahihisha mstari mmoja. Kabla hajaendelea, mlango ukafunguka.

Alikuwa Roger, mtu wa redio wa ofisi, Mkatanga mwenye mvi, aliyesomea kompyuta Lubumbashi.

"Mama Colette, jenereta ya Honda iko nalia njaa. Benzini inaisha."

"Enda uitie weye, papa."

"Mugongo unaniuma, mama. Weye uko mutoto bado."

Taa zikafifia. Betri ya akiba ikaanza kupiga kelele. Colette alikimbia nje, akamimina benzini, nusu ikimwagikia viatu. Akarudi. Roger alikuwa dirishani, akichokoa meno kwa njiti.

"Asante, mama. Ulikuwa mbio!"

Aliandika *make* tena.

*Make* hairudii kazi iliyokwisha. Hutazama saa ya kila faili na kujenga upya lile tu lililoguswa. Colette aligusa moja.

Mashine ilijenga dns.c.

Kisha ikajenga http.c.

Hakuwa amegusa http.c.

Hakugeuka. Shingo ilimwasha, kana kwamba mdomo wa bunduki ulikuwa unaipulizia. Kama Roger angejua kwamba yeye anajua, Michée angekufa kabla ya saa tisa.

"Iko sawa, mama?"

"Iko sawa, papa. Enda utafute chai. Nitume habari peke yangu. Ni mambo ya wakubwa."

Alipotoka, Colette alifungua http.c. Sumu ilikuwepo. Mistari minne mipya: kila ujumbe unaopita, nakala yake ihifadhiwe kwenye faili lililofichwa.

Angeweza kuifuta. Alitaka kuifuta, akalie chini ya meza.

Akaiacha.

Akaisimika proksi ile ile yenye sumu. Akaandika: *Michée anashuka rasi ya Mofwe, saa tisa.* Akautuma kwa anwani ya kubuni, isiyo na mtu. Kisha akatoka akishika tumbo, akampita Roger mlangoni.

"Tumbo, papa. Samaki wa jana."

"Pole, mama! Choo iko wazi."

Alisimama nyuma ya choo, redio ndogo ya Motorola sikioni, sauti chini kabisa. Dakika moja. Mbili.

Redio ikakohoa.

"Ghislain. Ni Mofwe. Saa tisa. Peleka batu yote."

"Mofwe? Sawa, mukubwa. Tunaenda."

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Roger. Ile ile iliyompa pole.

Aliingia na Makarov mbele.

"Kaa chini, papa Roger. Mikono juu ya meza."

"Colette! Weye uko mugonjwa?"

"Nilipona."

Alimfunga kwenye kiti kwa waya wa simu. Kisha akarudisha http.c safi kutoka kwenye diskete. *Make.* Faili moja tu. Alihesabu sekunde kwa sauti. *Make install.* Akaua proksi ya zamani, akawasha mpya. Modemu ikalia, ikakata.

Ikalia tena. Ikakata.

"Ziwa iko karibu, mama," Roger alisema, akitabasamu. "Mudogo yako anajua kuogelea?"

Mara ya tatu ikashika.

*Michée Chisenga, kaskazini, saa tisa. Ghislain na watu wake wanakwenda Mofwe. Wangojeni.*

Ulitoka saa nane na dakika ishirini, na mwingine mfupi nyuma yake.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kufanya. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Saa tisa ilipita. Kisha tisa na nusu. Colette alitapika kweli, ndani ya ndoo.

Saa tisa na dakika hamsini redio ikakohoa. Lackson, nahodha wa doria.

"Mofwe kumi na wawili, mikono juu. Ghislain yumo. Ngoja, tumepita Chisenga, kuna mtu hapa anataka kusema."

"Yaya?" Sauti ya Michée, akimwita dada yake. "Yaya, nasikia njaa mubaya!"

Colette alifumba macho. Alipoyafumbua, Roger alikuwa analia.

"Ulinitumia, Colette. Bandugu ya Ghislain kule Pweto, ng'ambo ya ziwa, batasikia ni mimi nilisema Mofwe. Batafikiri niliwauza. Bibi yangu eko Pweto. Batamuua. Piga simu, useme si mimi. Niombe samaha!"

Colette alikausha mikono kwa kitenge, akaiweka Makarov kiunoni, akatoa diskete.

"Polisi wa Pweto watamficha mke wako kabla ya jua kuzama. Ule ujumbe wa pili kwa Lusaka ulikuwa wake," alisema, tayari mlangoni. "Lakini samahani yangu huipati, papa. Siombi."