Njia ya Kambare Chotara

Nguzo iling'oka saa nne asubuhi, mvua ya kwanza ya Novemba ikiwa haijamaliza hata nusu saa. Ngusa alikuwa akishuka shimoni kwa kamba iliyofungwa kwenye nguzo hiyo, mita tano juu ya maji. Alianguka, na nguzo ikamfuata ikampiga chini ya goti. Bernadina, shemeji yake, alimvuta kwa ukosi wa shati hadi kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, mahali pekee pa kukaa ndani ya shimo lile.

Mfupa ulikuwa umevunjika. Bernadina aliufunga mguu kwa kitenge na ufito wa ndoana.

"Ulisema nguzo imebeba viroba vya mawe," alisema. "Ukasema haiwezi kushindwa na mjane mmoja."

"Wewe ilikushusha salama," Ngusa alijibu huku amekunja uso. "Imenikataa mimi."

Aliisimika mwenyewe miaka tisa nyuma, shimo hili la nje ya Nyarugusu lilipokuwa bado na dhahabu. Aliisimika kwenye magwangala, mabaki ya mawe yanayotupwa baada ya kuchimba. Kiangazi magwangala hukaa imara kama saruji, yakilowa hulegea. Wachimbaji hawakuwahi kulijua hilo, kwa sababu mvua ikinyesha hawakushuka.

Samaki ndio waliowaleta. Miaka mitatu iliyopita Bernadina alipandikiza humo vifaranga mia nne vya kambare chotara, mchanganyiko wa kambare wa kawaida na jamaa yake mkubwa wa mitoni, mwenye pezi nene la mafuta nyuma ya mgongo. Hukua haraka, na kituo kilichomuuzia kilimwambia hawazai. Sasa afisa uvuvi alitaka watatu wakapimwe zebaki, sumu ya wachimbaji, kabla ya mtu yeyote kula hata mmoja.

Kuta zilikuwa mita kumi na nane, wima, zikitiririka tope. Simu zilikuwa juu, ndani ya begi. Bernadina alikwaruza alama mwambani usawa wa maji. Baada ya nusu saa alama ilikuwa imezama shibiri moja. Ukingo wao ulikuwa na shibiri tatu zilizobaki.

"Tuna saa moja na nusu tu," alisema.

"Unaogelea?"

"Naogelea. Wewe kwa mguu huo huogelei."

Alikinga mvua kwa ndoo wakanywa. Maji ya shimo hawakuyatia mdomoni.

Ndipo samaki walipojitokeza. Kwanza mmoja, mrefu kama mkono wa mtu mzima, akavuta hewa na kuzama. Kisha kumi, kisha wengi hata uso wa maji ukawa migongo mitupu, myeusi, inayong'aa. Wote walielekea kona ya mashariki. Pale maji ya kahawia yalikuwa yakibubujika kutoka nyuma ya kifusi kilichoanza kumomonyoka. Kambare walijirusha juu ya mawe, wakajikaza kwa miiba ya mapezi, wakaingia gizani dhidi ya mkondo.

Bernadina alisahau kuitazama alama. Alijua kambare hupanda maji mapya kwenda kutaga. Lakini hawa hawakuwa na cha kutaga.

"Kule kuna nini, shemeji?"

"Njia ya zamani. Tulifuata mwamba wa dhahabu kutoka upande wa malisho. Dari ikaanguka, tukaiacha."

"Inatoka nje?"

Ngusa alinyoosha mkono majini. Alichota kitu kilichoelea mbele yake, akakivunja kwa vidole. Kilikuwa kinyesi cha ng'ombe, kibichi.

"Inatoka," alisema. "Hiki hakikukaa chini ya ardhi hata siku moja."

Bernadina alimfunga kamba kifuani, akamvuta chali majini hadi kwenye kile kifusi. Waliondoa mawe kwa mikono hadi tundu likatosha mabega. Ndani, maji yalifika kiunoni, kisha magotini, kisha vifundoni, kadiri njia ilivyopanda. Ngusa alitambaa kwa viwiko, akipapasa kila gogo lililoshikilia dari.

"Hili limeoza. Usiliguse. Pita kushoto."

Samaki waliwapita. Mmoja alipanda mgongoni kwa Ngusa, akapumzika, mzito kama mtoto, kisha akateremka mbele yake na kuendelea. 

"Nimechimba humu miaka sita," Ngusa alisema. "Sikuwahi kupishana na mwenye haraka kama huyu."

Mwanga ulianza kama sarafu. Ukawa sahani. Kisha wakawa wamelala kwenye majani mafupi, chini ya mvua, na mchungaji aliyejitanda turubai akiwatazama kutoka katikati ya ng'ombe wake.

"Mayu," alisema mchungaji, jina lake Mihayo, kwa heshima ya Kisukuma kwa mama, "mmetokea wapi?"

"Chini. Una simu? Huyu amevunjika mguu."

Mihayo alipiga simu. Malisho yote yalikuwa yakitembea: mamia ya kambare wakijipinda kwenye majani yaliyolowa, wakipanda mlima taratibu.

"Wanakwenda wapi?" Ngusa aliuliza.

"Juu," alisema Bernadina.

"Na hawazai."

"Hawazai."

Bernadina alichukua watatu, kama afisa alivyoagiza, akawafunga kwenye turubai la Mihayo. Wa nne, mkubwa kuliko wote, alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kifundo cha mguu wake, akasimama, akavuta hewa.

Bernadina aliuondoa mguu njiani.