Kabari za Kitanda cha Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nyamizi humtandikia bibi yake kitanda. Ni kitanda cha mninga alichokitengeneza marehemu babu yake, Mihayo, na hakikuwa na msumari hata mmoja. Kila pembe ilibanwa kwa kabari, kijiti bapa kilichopigwa tunduni. Ukizitoa kabari nne, kitanda chote kinafunguka na kubebeka.

Walipohama Rujewa, kule Usangu, kuja Soweto, jijini Mbeya, Nyamizi ndiye aliyekabidhiwa kabari hizo. Akazichezea njiani, moja ikapotea. Kwa woga, alipigilia msumari kwenye pembe ya ukutani, mtu asione.

Haikupita wiki, kitanda kikaanza kulia. Bibi Helena akijigeuza tu, kwii!

"Hakijawahi kunilalamikia tangu niolewe," Bibi alisema, akipapasa ubao. "Babu yako alipokuwa akikichonga, nyumba nzima ilinukia mninga. Leo baba yako anasema tukiuze, aninunulie cha chuma."

Macho yake yalilengwa na machozi. Nyamizi alikosa raha kabisa. Kosa alifanye yeye, kitanda kiuzwe?

"Bibi, msikiuze!" alisema akilia. "Nilipoteza kabari, nikapigilia msumari."

Bibi akamwita jirani yao, fundi Bartholomeo. Fundi aling'oa msumari, akatikisa kichwa.

"Ubao umeanza kupasuka. Mngechelewa kidogo, basi tena! Haya binti, shika patasi. Utachonga kabari mpya mwenyewe, kwa kipande hiki cha mninga."

Nyamizi alichonga, akajaribu, ikagoma. Akapunguza kidogo, akajaribu tena. Vidole vilimuuma, na harufu ya mninga ikajaa chumbani. Jioni kabari iliingia, ikakaza pembe barabara.

Bibi akaketi kitandani, akajigeuza huku na huku. Kimya. Baba, aliyekuwa mlangoni, hakutaja tena habari za kuuza.

"Njoo uone," Bibi alisema, akiigusa kabari ya miguuni, nyeupe kuliko zingine. "Babu yako naye alipoteza moja tulipohamia Usangu na ng'ombe wetu. Aliniambia siku ileile, akachonga hii kwa mti alioupata."

"Babu naye alipoteza?"

"Alipoteza. Kila fundi hukosea, mjukuu wangu. Ukikosea, sema mapema, kisha tengeneza vizuri, hata pale pasipoonekana na mtu. Sasa kitanda hiki kina kazi ya mikono yenu wawili."