Kosa la Mita Moja

Foleni ya ofisi ya ardhi ilifika mpaka mlangoni, watu wakijipepea na mafaili, na Mrefu alishakata tamaa ya kuhudumiwa, pale sauti ya mwanamke nyuma yake ilipomuuliza kama amekuja kupima au kupimwa. Aligeuka. Alikuwa Kidoti, na gauni la bluu, miwani ikining'inia shingoni, na kile kidoti chake juu ya mdomo.

Miaka kumi na moja hawajaonana, jamani! Wakakaa kwenye benchi la ukumbini, foleni ikawapita hawana habari. Kidoti alisema hajaolewa kabla hata hajaulizwa.

Walisoma upimaji pamoja. Mwaka wa mwisho walipanda basi moja bovu, wanafunzi thelathini na wawili, wakaenda siku kumi wakipima miinuko ya barabara ya pwani. Kila kona bahari ilichomoza upande wa kushoto, kijani karibu, bluu mbali, na basi zima likashangilia utadhani hawajawahi kuona maji. Wao wawili walikuwa jozi: Kidoti anashika fimbo ya namba, Mrefu anachungulia darubini na kusoma. Wakirudi ni kiti kimoja, chungwa moja, Kidoti kamwegemea begani. Neno mapenzi halikutamkwa, ila dereva mwenyewe alikuwa anajua.

Siku ya tisa hesabu ziligoma. Mita nzima haikuonekana. Mkufunzi akafoka kwamba mshika fimbo alisinzia, na darasa lote likarudia kilomita sita juani. Kidoti alizomewa hadi akalia. Mrefu alijua fika kwamba aliyekosea ni yeye, akaufyata. Kesho yake Kidoti akahamia kiti cha mbele, na baada ya mahafali kila mtu akashika njia yake.

"Lile kosa lilikuwa langu," Mrefu alisema. "Nilisoma mita tatu badala ya mbili, nikakuacha uzomewe. Niliogopa."

"Nilijua siku ile ile. Fimbo ikiinama inakosea vidole viwili, haikosei mita nzima. Nilihama kiti ili unifuate useme. Nikangoja, nikangoja weee."

"Nisamehe, Kidoti wangu."

"Mimi sikuzomewa chumbani, baba."

Mrefu alielewa. Akatoa simu, akafungua kundi la wanafunzi wenzao wa zamani, akarekodi sauti pale pale mbele ya foleni nzima: Kidoti hakusinzia, aliyekosea ni yeye, na amekaa kimya kwa woga miaka yote hii. Akatuma. Majibu yakamiminika, wengine wakidai jasho lao la kilomita sita. Kidoti alicheka mpaka akatoa machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Lakini hujasema ulikoseaje," alisema akijifuta. "Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza darasani."

"Sikuwa naangalia fimbo. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Kidoti akaisogeza ile simu mpaka karibu na mdomo wa Mrefu.

"Na hilo waambie."