Papai na Injini Iliyokula Soksi

Huko Lushoto, milimani, ambako barabara zimepindapinda kama utumbo wa mbuzi, aliishi msichana aliyeitwa Mwajabu. Alikuwa na miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Mwajabu alimpenda Babu yake, Mzee Shekiondo. Alizipenda pia kabichi za Babu. Lakini, lo, alivyompenda Papai!

Papai hakuwa tunda. Papai alikuwa pikapu. Pikapu ya Babu, kuukuu, ya njano, mlango mmoja umefungwa kwa kamba.

Kila siku ya gulio, Babu alipakia kabichi. Mwajabu alikaa mbele, karibu na Babu. Na Papai alipanda mlima. Ngurrr! Ngurrr! Ngurrr!

Asubuhi moja, walipofika katikati ya mlima, Papai akakohoa.

Koh! Koh! Koh! PWAAA!

Akasimama. Moshi mweusi ukatoka. Kabichi moja ikaruka, ikaanguka, ikabingirika. Ikapita shuleni. Ikapita kisimani. Ikaingia jikoni kwa Mama Sechonge.

"Asante!" alisema Mama Sechonge, akaikatakata.

Mwajabu alishuka. Akapigapiga boneti kwa kiganja chake.

"Amka, Papai, amka twende!
Kabichi zinangoja, mlima tupande!"

Papai hakuamka. Ng'ombe wawili walimvuta mpaka nyumbani. Ng'ombe walikuwa wamenuna njia nzima.

Mchana, Shangazi Mwantumu alikuja na sanduku lake la spana. Shangazi alikuwa fundi wa magari. Hakuna boliti iliyomshinda.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba, Mwajabu. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

Shangazi akafungua boneti. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Ikabaki miguu tu.

"Mh!" ilisema miguu. "Mh-mh! Injini imenoki. Imekufa kabisa!"

Mwajabu alikimbia. Akarudi na jembe na maua.

"Vya nini hivyo?" aliuliza Shangazi.

"Si umesema imekufa? Tuizike."

Shangazi alicheka mpaka spana ikamwangukia kidoleni. "Aa! Uwi! Injini haizikwi, mwanangu. Tunaitoa, tunaweka nyingine."

Lakini Babu hakucheka. Alikaa juu ya ndoo, mkono shavuni.

"Papai amezeeka," alisema Babu. "Mzee Kibua anamtaka."

Mwajabu alishtuka. Mzee Kibua! Mnunuzi wa vyuma chakavu! Yule anayepita na kipaza sauti chake: "Chuma chakavuuu! Leteni chakavuuu!" Gari akilichukua Mzee Kibua, linakatwakatwa. Linakuwa masufuria.

Mwajabu alimwona Papai akiwa sufuria. Sufuria ya njano, juu ya moto, imejaa ugali. Machozi yakamlengalenga.

"Babu, usimpe! Tafadhali, Babu!"

Babu alikuna kidevu. "Haya. Papai akiwaka kabla ya gulio lijalo, atabaki. Asipowaka, Mzee Kibua atamchukua."

"Atawaka!" alisema Shangazi.

"Atawaka!" alisema Mwajabu.

Shangazi alikuwa na basi dogo bovu nyuma ya gereji yake. Lilikuwa limegeuka banda la kuku. Kuku walikaa kwenye viti kama abiria. Jogoo alikaa kwa dereva.

Injini ya basi hilo ilikuwa nzima. Nzima kidogo. Ilijaa manyoya.

Shangazi akaifungua yote. Akatandika turubai, akapanga vyuma. Vyuma vikubwa, vyuma vidogo, na vyuma vidogo kama punje za mahindi.

"Mwajabu, wewe osha nati," alisema Shangazi.

Mwajabu akaosha. Swishi, swishi, swishi! Nati moja. Nati mbili. Nati arobaini na tatu. Mikono yake ikawa myeusi. Pua ikawa nyeusi. Hata goti likawa jeusi, na goti halikuosha kitu.

Kilicholika, Shangazi alikitupa. Akaweka kipya. Akakaza. Krii, krii, krii! Siku tatu nzima alikaza. Injini ikang'aa kama kiatu cha sikukuu.

Sasa kazi nzito! Wakasimamisha miti mitatu mirefu juu ya Papai. Wakafunga mnyororo. Majirani wote wakaja.

"Vuta!" alipiga kelele Shangazi.

"Twendeee!" waliitikia majirani.

"Vuta!"

"Twendeee!"

Injini iliyokufa ikapanda juu, ikining'inia. Ikashushwa chini. Pu!

Wakaifunga injini ya basi. "Vuta!" "Twendeee!" Ikapanda. Ikasogea. Ikafika juu ya Papai.

"Simameni!" alipiga kelele Mwajabu. "Kuna mtu humo!"

Wote wakachungulia. Mle ndani ya Papai, mahali pa injini, alikaa kuku. Alikuwa ametulia kabisa.

"Toka, kuku!" alisema Babu.

"Kwa!" alisema kuku.

"Toka bwana!"

"Kwa-kwa-KWA!"

Majirani walitetemeka wakishika mnyororo. Mama Sechonge alifumba macho. Mwajabu akamwonyesha kuku punje ya mahindi. Kuku akaitazama. Akafikiri. Akafikiri tena. Halafu akatoka, akaacha yai.

"Kidogo kushoto! Kidogo kulia! Hapo hapo!" alisema Shangazi. Injini ikaingia. Kluk!

Siku ya gulio ikafika. Kabichi zikapakiwa. Na mara wakasikia:

"Chuma chakavuuu! Leteni chakavuuu!"

Mzee Kibua aliingia uani akisukuma toroli. Alikuwa na viatu vikubwa na masharubu makubwa. Akagonga mlango wa Papai. Kong! Kong!

"Naona masufuria kumi na mawili hapa," alisema. "Na vifuniko vyake."

"Subiri!" alisema Mwajabu.

Shangazi akazungusha ufunguo. Nye-nye-nye-nye... Kimya.

"Amka, Papai, amka twende!
Kabichi zinangoja, mlima tupande!"

Nye-nye-nye-nye... Kimya.

"Na kikaango kimoja," alisema Mzee Kibua.

Shangazi akapima betri. Nzuri. Akapima mafuta. Yapo. Akakuna kichwa kwa spana.

Mwajabu alikaa chini kwenye vumbi. Hakutaka mtu amwone analia, kwa hiyo aliangalia chini. Huko chini aliona miguu tu. Viatu vikubwa vya Mzee Kibua. Buti za Shangazi. Kandambili za Babu.

Mguu mmoja wa Babu ulikuwa na soksi ya mistari. Mguu wa pili haukuwa na kitu.

"Babu," alisema Mwajabu, "soksi yako nyingine iko wapi?"

Babu akatazama chini. "Ee! Jana nilikuwa nazo mbili!"

Shangazi aliacha kukuna kichwa. Akamtazama Babu. Babu akamtazama Shangazi.

"Jana niliomba kitambaa," alisema Shangazi polepole. "Cha kuziba mdomo wa injini, vumbi lisiingie."

"Nikakosa kitambaa," alisema Babu. "Nikakupa..."

"SOKSI!" walisema wote wawili.

"Na injini inavutia hewa mdomoni!" alisema Shangazi. "Maskini, imezibwa pumzi!"

Shangazi akajaribu kuingiza mkono. Mkono ulikuwa mnene. Babu akajaribu. Mkono wake pia ulikuwa mnene.

Mwajabu akapanda juu ya ndoo. Akaingiza mkono wake mwembamba. Akapapasa. Akashika kitu laini. Akavuta. Kikaja. Kikaja. Kikaja kireeefu. Pop!

"Injini ilikula soksi!" alipiga kelele Mwajabu.

Harufu ikaenea ua mzima. Mzee Kibua alishika pua yake.

"Kwa soksi hii," alisema, "hata mimi nisingewaka."

Shangazi akazungusha ufunguo. Wote wakaimba, hata Mzee Kibua, kwa kipaza sauti:

"Amka, Papai, amka twende!
Kabichi zinangoja, mlima tupande!"

Nye-nye-nye... nye... nye...

NGURRRRR!

Unyoya mmoja ukaruka kutoka kwenye bomba la moshi. Kisha Papai akanguruma vizuri, ngurrr, ngurrr. Babu akacheza kwa mguu wenye soksi. Mwajabu akamkumbatia Papai kwenye taa.

Ni Mzee Kibua tu aliyesimama peke yake na toroli tupu.

"Chukua ile injini iliyokufa," Babu alimwambia. "Itatoa masufuria mazuri."

"Na vifuniko?"

"Na vifuniko."

Basi wakapanda wote. Babu, Shangazi na Mwajabu mbele. Nyuma kabichi, injini iliyokufa, toroli, na Mzee Kibua juu kabisa. Papai akapanda mlima. Akafika katikati, akapita. Ngurrr! Ngurrr! Ngurrr! Akafika juu.

Jioni, Mama alimwogesha Mwajabu. Maji ya beseni la kwanza yakawa meusi. La pili, meusi. La tatu, ya kijivu.

"Kumbe ni wewe!" alisema Mama. "Nilidhani nimeletewa mtoto mwingine."

Mwajabu alicheka, akapiga miayo. Mama akamvisha gauni la kulalia. Mkono mmoja ukaingia. Kabla ya mkono wa pili kuingia, Mwajabu alikuwa ameshalala.