Mshono wa Mgongoni

Gauni nililitafuta mimi mwenyewe, hapo siwezi kumlaumu mtu.

Ilikuwa mwaka huu wa 2006, wakati wa ile baridi ya Julai. Pasta alikuwa ametuambia wazi, mimi na Bramwel, kwamba hatambariki mtoto wetu mpaka tufunge ndoa kanisani, maana tulikuwa tunakaa tu pamoja, na Nekesa wetu alikuwa mdogo, mdogo hata shingo ilikuwa kama ya ndege, kila nikimpeleka kliniki nesi anaangalia mizani halafu ananiangalia mimi. Maziwa yangu yalikuwa yanakauka. Nikajiambia, akibarikiwa atapona. Kwa hivyo harusi. Kwa hivyo gauni.

Katikati ya mji wanakodisha magauni, lakini hata kukodisha kulinishinda. Msichana mmoja wa duka aliniona nikishika lesi akasema, "Mama, hizo ni za kuvaa, si za kupapasa." Nikatoka. Nikateremka River Road na Nekesa mgongoni, jioni inaingia, wenye maduka ya hadweya wanavuta milango chini, na mama muuza soksi akanionyesha ngazi kando ya duka la kuchapisha kadi. Juu pale, akasema, kuna mama ana moja.

Ngazi zilinuka wino na rangi. Juu kabisa, mlango ulikuwa wazi. Mama mzee kidogo, kitambaa kichwani, alikuwa ameketi mbele ya cherehani iliyofunikwa.

Hakuniuliza saizi.

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, mama. Lakini maziwa ni kidogo."

"Ni wa kwanza?"

"Wa kwanza."

Aliinuka, akaingia nyuma ya pazia, akarudi amelibeba kwa mikono miwili, vile mtu hubeba mtoto aliyelala. Jeupe. Mikono ya lesi. Nililivaa pale pale juu ya nguo zangu na lilinikaa... lilinikaa kama nimepimiwa. Ila mgongoni palikuwa na mshono, kutoka shingoni mpaka kiunoni, umeshonwa kwa mkono, uzi umekwenda upande.

"Lilipanuliwa?" nikauliza.

"Mwenyewe alikuwa amevimba kidogo."

Nikafikiria mimba. Nani hangefikiria mimba?

"Lete pesa yoyote uliyo nayo," akasema. "Na usilifue. Lipite kanisani kwanza. Mimi ni Mama Waithera, ukinihitaji niko."

Nekesa, tangu azaliwe, hakuwa amewahi kucheka. Alicheka hapo. Nilikuwa nimemlaza kwa meza nikilivua, naye alikuwa anaangalia mkono wa gauni, ule mkono mtupu unaning'inia, na akacheka kwa sauti.

Tulikuwa tunakaa Kawangware, chumba kimoja. Bramwel alikuwa askari wa geti huko Muthangari na jioni ndiyo alikuwa akiingia kazini, kwa hivyo nilikuwa peke yangu. Nikalitundika gauni kwa msumari juu ya kitanda. Nikamlaza mtoto, nikatoka mlangoni kuwasha jiko.

Stima ikapotea. Plot nzima, vyumba vyote, giza.

Nikasikia.

Mpwa... mpwa... mpwa...

Nikasema ni kidole, ananyonya kidole. Lakini kidole hakimezwi. Na mimi nilisikia akimeza.

Nikaingia na koroboi. Pindo la gauni lilikuwa limeshuka mpaka kitandani, limemfunika mtoto kama shuka. Nikalivuta. Nekesa alikuwa macho, ametulia, midomo myeupe. Kifuani pa gauni palikuwa na alama mbili za maji, mviringo, moja huku na moja huku. Nikazigusa.

Zilikuwa na joto.

Harufu ilikuwa ya maziwa. Na chini ya maziwa kulikuwa na harufu nyingine, kali, ile dawa inayokuchoma macho ukienda mochari kuchukua mtu wako.

Nikampa titi langu. Akageuza uso.

Kesho yake akageuza, na kesho kutwa. Nilimbembeleza, nililia, nilimkamulia kwa kijiko akatema. Nikampeleka kliniki nikijua sasa ananifia mikononi. Nesi akampima, akapima tena.

"Umeona sasa? Ameongeza. Mama Nekesa, endelea hivyo hivyo."

Wiki ya harusi alikuja Wahu, wa kikundi cha akina mama kanisani, kuangalia kama gauni linahitaji kupigwa pasi. Alikuwa anaongea bila kupumzika, ananitania kwamba Bramwel ataanguka madhabahuni akiniona. Akaligeuza gauni. Mkono wake ukasimama kwa ule mshono.

"Selpher. Hii umetoa wapi?"

"River Road. Mwenyewe alikuwa mjamzito, wakaipanua."

"Haikupanuliwa." Alikuwa ananong'ona. "Sisi ndio huvalisha akina mama wakifa. Mwili ukishakauka mikono haipandi juu. Sasa unafanya nini? Unapasua nguo mgongoni, unamvisha kutoka mbele, unaikunja chini yake. Hakuna anayeona, si amelala. Hii ilipasuliwa na makasi, mwanangu. Halafu ikatolewa. Choma leo."

Sikuchoma. Nilimfunga Nekesa mgongoni, nikatia gauni kwa mfuko, nikarudi kwa zile ngazi.

Mama Waithera hata hakushtuka.

"Waithera wangu alijifungua akafa kabla ya kumnyonyesha mtoto," akasema. "Mtoto akamfuata. Harusi ilikuwa imebaki kidogo tu. Tulimvisha. Akapendeza... Halafu wazee wakaja mochari wakasema hakuna harusi iliyofanyika, haiwezekani azikwe kama bibi harusi. Tukamvua pale pale, mimi mwenyewe nikivuta kwa mkono huu."

Alinionyesha mkono wake, kama wa kulaumiwa ni huo.

"Nilitaka apite kanisani. Mara moja tu. Na nikataka aende na mwenye mtoto, nikasema pengine matiti yataacha kumuuma."

"Mama, chukua gauni lako."

"Lichome, ukitaka. Ataondoka, hakuna vita." Akamwangalia Nekesa. Mashavu yalikuwa yameanza kuja. "Lakini huyu atanyonya nani?"

Nilisimama pale mpaka taa za barabara zikawaka. Kisha nikashuka ngazi, na mfuko nikashuka nao.

Jumamosi tulifunga ndoa, sisi na maharusi wengine, tumepangwa mstari mbele ya pasta. Ule mshono ulikuwa baridi mgongoni kwangu, baridi ya chumba cha mochari, si ya hewa. Wahu alinikazia macho, na ndiye alikuwa amemshika mtoto. Katikati ya maombi Nekesa akaanza kulia, akaninyooshea mikono. Mimi. Akanililia mimi. Nikaenda naye chumba cha nyuma, nikafungua vifungo vya kifuani, akanyonya, akanyonya mpaka akalala, na nililia hapo peke yangu kwa furaha nikasema Mungu amenirudishia mtoto wangu.

Nyumbani nikavua gauni, nikalitundika kwa msumari wake.

Alipoamka nikamwinamia, nikamwita. Aliniangalia kidogo, vile mtoto huangalia mgeni. Kisha akanyoosha mikono kwa msumari.

Amebarikiwa. Ameanza kutambaa. Bramwel anasema nilikuwa na wasiwasi bure. Yeye jioni hayuko, hajui. Giza likianza kuingia nalishusha gauni karibu na kitanda, natoka, naketi mlangoni, nawapa mgongo. Nasikia akinyonya. Siku hizi nasikia na wimbo, pole pole, wa kubembeleza. Ni wa Kikuyu. Mimi ni Mbukusu, huo wimbo siujui.

Nimewahi kushika kiberiti. Nimekishika mara nyingi. Halafu namkumbuka vile shingo yake ilikuwa.

Majirani wakipita wananisimamia hapo mlangoni.

"Mama Nekesa, huyo mtoto amenenepa. Unampa nini?"

Nawaambia ananyonya vizuri. Hapo sidanganyi.